Gari Limegoma Katikati ya Hamsini na Saba: Kusoma Dalili Unapopanda Matamba

Ukishuka Chimala saa nne asubuhi, kitu cha kwanza kukupokea ni joto. Uko pembeni mwa barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya. Upande mmoja kuna tambarare ya Usangu na majaruba ya mpunga, upande wa kusini mlima umesimama kama ukuta. Barabara ya Matamba inaupanda ukuta huo kwa kona za kujikunja, moja juu ya nyingine, na watu wa huku wanaiita Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona hizo. Nimejaribu kuzihesabu mara kadhaa. Kila mara linatokea Fuso la viazi mbele, narudi nyuma kulipisha, hesabu inapotea.

Pale chini uko kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipita Matamba ukaendelea hadi uwanda wa Kitulo, unafika mita 2,600. Kitulo ndiyo ile hifadhi ya taifa ya maua, iliyotangazwa mwaka 2005, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua huchanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, yaani miezi ileile barabara inapokuwa mbovu kuliko kawaida. Basi wageni wanakuja na gari za mjini kwenye tope, na msimu huo hukosi kulikuta gari limefunguliwa boneti kwenye kona, wenyewe wamekaa juu ya jiwe wakitafuta mtandao.

Yanayofuata niliyaandika nikiwafikiria hao, ingawa anayepanda Kitonga, Lushoto au barabara ya Mbeya–Chunya atakuta mengi yanamhusu.

Kwanza jiulize: limeanza wapi?

Fundi mzuri hafungui boneti kabla ya kuuliza. Gari lilikuwa linapanda, limesimama, au linashuka? Lilianza ghafla au polepole? Majibu hayo mawili yanaondoa nusu ya makisio. Harufu ya kuungua ukiwa unapanda ni klachi au giaboksi. Harufu inayofanana na hiyo ukiwa unashuka ni breki. Nguvu zikipungua kidogo kidogo kwa mwendo wa saa nzima, huo ni mlima. Zikikatika mara moja, kuna kitu kimechomoka au kimeziba.

Shemeji yangu alipanda na gari la oto kwenda harusini Matamba. Mimi nilikaa nyuma na watoto. Kona ya kumi hivi nikamwambia, "Shemeji, unasikia harufu?" Akajibu ni Fuso lililo mbele yetu. Fuso likasimama kutupisha, tukalipita, harufu tukaendelea nayo. Tuliingia harusini saa kumi na mbili jioni, keki imeshakatwa. Tangu siku hiyo nina desturi: nikisikia harufu nafungua dirisha kwanza. Ikiondoka dirisha likiwa wazi na ikarudi nikilifunga, ni ya kwetu.

Gari linachemsha

Hili ndilo linaloangusha wengi, na ndilo linalotafutiwa dawa isiyo yake. Mtu akiona sindano ya temprecha imepanda, anamwaga maji, anaondoka, baada ya kona nne anasimama tena. Maji yalikuwa yanapungua kwa sababu fulani, na sababu hiyo bado anatembea nayo.

Angalia linachemsha vipi.

Likichemsha unapopanda taratibu kwa gia namba moja, kisha likapoa lenyewe ukipata kipande cha tambarare chenye upepo, shaka iko kwenye feni au sura ya nje ya rejeta. Mlimani gari linakwenda kilomita 10 kwa saa huku injini ikinguruma, kwa hiyo hakuna upepo wa mwendo. Feni peke yake ndiyo inayovuta hewa. Kama ni feni ya umeme, washa AC ukiwa bado Chimala ushuke uangalie kama inazunguka. Kama ni ya kuzungushwa na injini kupitia klachi ya mafuta, zima gari na uizungushe kwa mkono: ikizunguka raundi nyingi kirahisi kama pangaboi, klachi yake imekwisha. Chungulia pia katikati ya rejeta na kondensa ya AC. Ukitoka Makambako au Dar es Salaam usiku, pale katikati pamejaa wadudu na vumbi lililoganda. Maji ya mpira wa kawaida kutokea upande wa injini kuelekea nje yanatosha kupasafisha. Mashine ya presha inakunja mapezi.

Likichemsha hata kwenye tambarare, basi maji hayazunguki vizuri. Hapo ni rejeta iliyoziba kwa ndani, pampu ya maji iliyochoka, au themostati (vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto) isiyofunguka.

Sindano ikipanda ghafla, ikashuka ghafla, na hita ya ndani ikaanza kupuliza hewa baridi, maji yamepungua sana na kuna hewa kwenye mfumo. Simama papo hapo.

Maji yakisukumwa kwenye chupa ya akiba na mapovu yakaendelea kutoka hata injini ikiwa haijapata moto, au mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu muda mfupi tu baada ya kuwasha asubuhi, gasketi ya silinda hedi imepasuka. Hilo halitengenezwi njiani. Geuza, rudi Chimala.

Kuna chanzo kimoja ambacho watu hawakitazami kabisa kwa sababu bei yake ni ndogo: mfuniko wa rejeta. Maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 100 pale Dar es Salaam, lakini kadiri unavyopanda yanachemka mapema zaidi, kama nyuzi 1 kwa kila mita 300. Kitulo yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi. Ndiyo maana maharage ya huko yanakula kuni. Sasa injini yako inafanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95 siku zote. Ingekuwa maji yako wazi, yangekuwa yanatokota muda wote. Kinachoyazuia ni mfuniko unaoshikilia presha. Ulioandikwa 0.9, yaani presha ya bar 0.9, ukiwa mzima unayasogeza hadi karibu nyuzi 114 hata ukiwa juu Kitulo. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea, unarudi kwenye 91. Gari hilohilo mjini halina tatizo lolote, mlimani linatema maji, na mwenyewe anauziwa rejeta mpya. Anza na mfuniko.

La pili ni themostati. Fundi mmoja aliwahi kuitoa ya kwangu akaitupa, akaniambia, "Hii ni ya nchi za baridi, mzee, huku haina kazi." Nilimwamini. Matamba ni baridi, ikatokea kwamba huku ni nchi ya baridi vilevile. Asubuhi injini haikuwa inapata joto lake, ikawa inakunywa mafuta kuliko kawaida. Zaidi ya hapo, kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huziba ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kabisa. Unatoa kifaa ili gari lipoe, linachemsha zaidi.

Limeshachemsha, fanya hivi. Zima AC, washa hita mpaka mwisho na feni yake kubwa, fungua madirisha. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Utatoka jasho lakini inasaidia. Tafuta sehemu pana, si kwenye kona yenyewe, weka jiwe nyuma ya tairi. Kama mvuke haufuki na taa ya oili haijawaka, acha injini iungurume bila gia dakika chache ili maji yaendelee kuzunguka. Kama mvuke unafuka kwa nguvu, zima mara moja. Kisha kaa. Nusu saa, ikibidi zaidi. Usiguse mfuniko kabla mpira wa juu haujawa laini ukiubonyeza kwa kitambaa. Na maji ya kijito kilicho pembeni, baridi kama yametoka kwenye friji, usiyamwage ndani ya injini ya moto. Hedi hupasuka au kupinda. Subiri ipoe, washa, ongeza kidogo kidogo injini ikiwa inaunguruma.

Harufu tamu kama sharubati iliyomwagika ni kulanti, yale maji maalumu ya kupoozea injini, inayovuja. Wanaojaza maji matupu hawaipati ishara hiyo, na wanakosa pia kinga dhidi ya kutu. Jaza kulanti.

Nguvu zimepungua

Hapa lazima kwanza utoe sehemu ya mlima. Injini isiyo na turbo (kifaa kinachoisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kitulo inakuwa imebaki na robo tatu ya nguvu ilizokuwa nazo pwani. Hakuna fundi wa kukurudishia robo hiyo. Ulichonacho ni uzito: punguza mizigo, punguza watu, tumia gia nzito mapema kabla injini haijaanza kulia. Yenye turbo inaumia kidogo tu.

Baada ya hapo ndipo unatafuta ugonjwa.

Gari likikata nguvu unapokanyaga sana, likarudi ukiachia kidogo, mafuta hayafiki ya kutosha. Filta ya dizeli imeziba, au umejaza mafuta ya dumu yenye maji na takataka. Jaza Chimala, kituoni, na usipande na robo tanki. Kwenye mwinuko mkali mafuta yaliyobaki yanakimbilia nyuma ya tanki na pampu inavuta hewa. Gari linazima, unadhani limekufa, likisukumwa kwenye tambarare linawaka.

Ukisikia filimbi ambayo haikuwepo, nguvu zikakatika na moshi mweusi ukajaa nyuma, bomba la turbo limechomoka au limepasuka. Mara nyingi ni klampu tu. Bisibisi moja inakurudisha barabarani.

Moshi mweusi wa wastani kwenye dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida si jambo la kukutisha huku juu. Pampu inamimina mafuta kama iko Kibaha, hewa haipo. Ni hivyohivyo kwa pikipiki za kabureta: bodaboda iliyotoka Chimala inafika juu inakohoa na plagi nyeusi kama mkaa. Vijana wa huku hubeba plagi ya ziada mfukoni. Lakini kabla ya kuusingizia mlima, toa eya klina uigonge kwenye tairi. Ukiwa nyuma ya malori kiangazi, siku moja inatosha kuijaza vumbi.

Klachi inanuka, au oto inasita

Klachi ipime nyumbani. Tafuta mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta hendibreki mpaka mwisho, weka gia namba tatu, achia klachi polepole huku ukikanyaga mafuta kidogo. Injini ikizima, klachi ni nzima. Ikiendelea kuunguruma huku gari limetulia, klachi inateleza, na usiende Matamba nayo. Dalili yenyewe mlimani ni hiyohiyo: injini inapiga kelele, gari haliongezi mwendo, harufu kama pembe ya ng'ombe iliyotupwa motoni.

Mara nyingine klachi ni nzima na dereva ndiye anayeiua. Amekutana na lori kwenye kona, badala ya kuvuta hendibreki anashikilia gari kwa kuchezea klachi na mafuta, dakika tatu, nne. Kona chache za namna hiyo zinatosha.

Kwenye oto, weka L au 2 tangu mwanzo. Ukiiacha kwenye D inahangaika kupanda na kushuka gia, kila badiliko ni joto, na hidroliki inaungua. Ukifika, chomoa kipimio chake: mafuta mekundu yaliyogeuka kahawia na kunuka kuungua yabadilishwe kabla ya safari nyingine. Lile gari la shemeji lilikuwa hivyo. Tulilipumzisha dakika 40, tukapunguza watu watatu wakapanda pikipiki, likafika.

Kushuka, ambako ndiko kwenye kazi

Watu huandaa gari kwa ajili ya kupanda. Ukishindwa kupanda unasimama. Ukishindwa kushuka husimami. Ningekuwa na pesa ya kutengeneza kitu kimoja tu kabla ya safari hii, ingekwenda kwenye breki.

Fikiria breki inabeba nini. Gari la tani 2 likishuka mita 1,000, joto linalozaliwa linatosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji yaliyotoka bombani. Fuso lenye jumla ya tani 10, karibu lita 290. Joto hilo lazima lipotelee mahali: ama kwenye injini kupitia gia, ama kwenye pedi na madiski yasiyozidi ukubwa wa sahani. Kwa hiyo ile kanuni ya madereva wa zamani, kwamba shuka na gia uliyopandia, ni hesabu kamili. Weka gia hiyo ukiwa bado juu, kwenye tambarare, kabla mteremko haujaanza. Ukijaribu kuingiza gia nzito gari likiwa limeshachanganya, inaweza kukataa, na hapo una gari lisilo na gia kabisa.

Namna ya kukanyaga nayo ina maana. Usiweke mguu juu ya breki muda wote kana kwamba unaupumzisha. Kanyaga kwa nguvu sekunde chache mpaka mwendo upungue, achia kabisa, pedi zipate hewa, rudia.

Sasa dalili zenyewe, maana kila moja ina maana yake.

Pedali ni ngumu ya kawaida, iko juu, lakini gari haliitiki: pedi, au laini zinazobana ngoma ya breki, zimepata moto zikapoteza mshiko. Simama mara moja ukiwa bado unaweza. Zikipoa zinarudi, ila zilizoungua zikang'aa kama kioo zinahitaji kubadilishwa.

Pedali imekuwa laini, inazama mpaka chini: mafuta ya breki yamechemka yakatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Ya daraja la DOT 3 (huandikwa kwenye chupa) yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango kinaruhusu yashuke hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Gari ambalo mafuta yake hayajabadilishwa miaka mitano linaweza kuwa na breki nzuri kabisa mjini na lisiwe nazo kona ya thelathini. Pampu pedali haraka mara kadhaa, shusha gia, vuta hendibreki taratibu. Ikishindikana, ukuta wa mlima uko upande mmoja na korongo upande mwingine, egemea ukuta. Bodi inanyooshwa.

Pedali ngumu kama jiwe inayotaka miguu miwili: hakuna msaada wa buusta, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu. Sababu ya kwanza ni dereva aliyezima injini au kushuka fri ili kubana mafuta. Huyo sina la kumwambia. Sababu ya pili ni mpira wa vakyumu uliopasuka. Ujue pia kwamba juu Kitulo buusta ya vakyumu inapungua nguvu kama robo hata ikiwa nzima, kwa vile inategemea uzito wa hewa ya nje. Pedali kuwa nzito kidogo huko juu ni kawaida.

Gari linavuta upande mmoja ukikanyaga: kaliper imekwama, au mafuta yanavuja kwenye gurudumu moja.

Kwa malori yenye breki za upepo, jicho liwe kwenye geji. Dereva anayepampu pampu kila kona anamaliza upepo haraka kuliko kompresa inavyojaza. Na ile tabia ya utingo kuruka chini na ndoo ya maji, gari likisimama kwenye kituo cha kupumzika, kumwagia magurudumu yanayofuka: ngoma ya moto ikimwagiwa maji baridi inapasuka. Nimeuona ufa wa namna hiyo, mwembamba kama unywele, kutoka ukingoni kuelekea kwenye nati. Ulikuwa unaonekana tu kwa sababu jua lilikuwa linachwa na mwanga umelala.

Sheria ya barabara nyembamba ni kumpisha anayepanda. Huku naivunja kwa hiari: Fuso lililojaa viazi likiwa linashuka, nalipisha mimi ninayepanda. Sijui breki zake zimelala wapi.

Asubuhi haliwaki

Juni na Julai usiku hupiga jalidi Kitulo; majani asubuhi ni meupe. Betri iliyokuwa inajikongoja Chimala inakufa huko. Ukisikia stata inageuka kivivu, ni betri au vichwa vyake vyenye ukoko mweupe. Vimwagie maji ya moto, visugue, kaza. Ikigeuka vizuri lakini dizeli haiwaki na moshi mweupe unatoka, ni hita plagi. Subiri taa yake izime, rudia mara mbili kabla ya kupiga stata. Kama gari ni la manyuo, liegeshe likitazama mteremko ili uweze kuliwasha kwa kulisukuma.

Ukungu

Ukungu wa nje: taa ndogo au dimu, kamwe si fulu, maana mwanga unakurudia machoni. Ukungu wa ndani ya kioo: AC pamoja na hewa ya moto ielekezwe kioo cha mbele. Kufuta kwa kiganja kunaacha mafuta yanayovuta ukungu zaidi. Usiku ukiwa na ukungu, lala Matamba.

Tope, tairi

Mvua ikiwa imenyesha, uliza Chimala kabla ya kugusa mlima. Waulize madereva wa Noah na bodaboda walioshuka asubuhi hiyo. Wa jana taarifa yao imepitwa. Bila fo wili usijaribu. Kama unakwenda Kitulo tu na huna haja na kona, kuna njia ya upande wa Mbeya, kupitia Isyonje kwenye barabara ya Tukuyu.

Upepo wa tairi ukipimwa juu unasoma kama psi 2 zaidi ya ulivyousoma Chimala, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi, ukiacha joto la tairi lenyewe. Usiutoe. Pakiti za krispi zitakuwa zimevimba kama mito kwa sababu hiyohiyo, na watoto watauliza.

Watu

Masikio yakiziba, meza mate, tafuna kitu. Mtoto mchanga anyonyeshwe. Anayetapika akae mbele atazame mbali, asitazame simu. Mtu aliyetoka pwani akaumwa kichwa kidogo Kitulo, apewe maji, apumzike, kikizidi ateremshwe. Mwenye ugonjwa wa selimundu azungumze na daktari wake kabla ya safari, kwa sababu hewa nyepesi inaweza kumletea maumivu. Nguo za baridi ziwe ndani ya gari, si juu ya keria chini ya turubai.

Vya kubeba

Lita 10 za maji safi, mfuniko wa rejeta wa akiba, klampu tatu, mkanda wa feni, mafuta ya breki ambayo hayajafunguliwa, plagi kwa wenye petroli, jeki na ubao wa kuiwekea, spea tairi iliyopimwa upepo, pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto, tochi. Na kabari mbili za mbao. Mawe yako mengi njiani, lakini hayapo hasa kwenye kona utakayozimikia. Na ukishalitumia, toa jiwe lako barabarani kabla ya kuondoka.

Ukishafika chini

Umeshuka, uko Chimala, joto limekurudia. Usiingie barabara kuu bado. Shuka upitishe kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Yote manne yanatakiwa yawe ya moto, ya mbele kuzidi ya nyuma, na kushoto kulingane na kulia. Moja likiwa la moto kupita mwenzake, breki yake haiachii. Moja likiwa baridi, halikuwa linakamata kabisa, na umeshuka kona zote zile kwa breki tatu. Gereji ziko hapo hapo pembeni mwa lami. Mwambie fundi ni gurudumu lipi, afungue hilo kwanza.